Kibao Chini ya Kamera

Watu hudhani kamera ya video huanguka kama embe, pu, ukasikia na ukageuka. Yangu haikuanguka. Iliinama kidogo kidogo kwa dakika kumi na saba, na mimi nimekaa kando yake karibu kuigusa, wala sikujua. Nimepiga picha harusi nyingi kuliko nilizoalikwa, na katika hizo zote sikuwahi kukosea kuifunga kamera juu ya stendi. Nilikosea siku moja tu, siku ambayo mwenye kupigwa picha alikuwa baba yangu.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya ugomvi usionihusu. Baba alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya bahari kisiwani Chula, kusini mwa Kismayu, na kaka yangu, kifungua mimba wake, ndiye aliyekuwa arithi tezo yake ya kuchongea mbao. Baba alimfundisha tangu akiwa mdogo wa kuokota vibanzi. Kisha siku moja kaka alitumwa Kismayu kununua misumari, na huko akapanda meli ya mizigo ya wageni akaenda zake. Zilikuwa zimebaki siku tatu mashua kubwa kuliko zote alizowahi kuunda baba ishushwe majini. Kwetu kushusha chombo ni shughuli ya kisiwa kizima. Wanaume huvuta kamba, wanawake hupika, na fundi hukaa nyuma ya chombo na mwanawe, bega kwa bega, kukisukuma kwa mara ya kwanza. Siku ile baba alisukuma peke yake, na watu waliona. Jioni alirudi nyumbani akasema mbele ya mama na mbele yangu kwamba hana radhi na mtoto yule.

Mama alimwomba alimeze neno lile. Hakulimeza. Mama alifariki mwaka uliofuata na neno likabaki palepale lilipokuwa.

Kaka alirudi baada ya miaka miwili, likizo ya wiki moja. Mimi wakati huo nilikuwa nakaa Kismayu, nimeolewa na kuachwa. Mume alisema ulimi wangu haumwachi mtu apumzike, nami sikubisha kwa kuwa ni kweli. Kaka aliniletea mlangoni sanduku lenye kamera ya video na furushi refu lenye stendi ya miguu mitatu. Alitaka kumpelekea baba picha za bandari alizoziona na kumpiga picha yeye akiwa kazini. Akavuka kwenda Chula. Baba alipopata habari kwamba mwanawe yuko njiani, alichukua shoka akaenda kisiwa cha Ngumi kutafuta mbao, akakaa huko mpaka wiki ikaisha. Wanasema mkono mtupu haulambwi, lakini huu ulikuja na kamera na haukulambwa vilevile. Kaka akaniachia mimi vitu vyote.

Kabla hajaondoka alinifundisha kwa alasiri moja. Alinionyesha kibao, kipande bapa cha plastiki ngumu chenye skrubu katikati. Kibao hufungwa chini ya kamera, unakaza skrubu kwa sarafu mpaka kisizunguke. Juu ya stendi kuna kichwa chenye mfuo, yaani njia iliyochimbwa kupokea kibao. Unakitelezesha kibao ndani ya mfuo, kinalia tak, kisha unasukuma komeo dogo la pembeni. Mpaka hapo ni mafunzo ya kaka. La mwisho nilijifunza mwenyewe: usiiachie kamera mpaka umeitikisa. Mlio wa tak haukuhakikishii kitu. Nimeshaona milango mingi ikilia tak na mwizi akapita.

Kazi ilinikuta haraka. Harusini, upande wa wanawake, mpiga picha mwanamume haingii, na kwa hivyo sherehe nzuri kuliko zote zilikuwa hazina hata picha moja. Wanawake wa Kibajuni na wa Kisomali wakawa wananiita wote. Nilikuwa nafika mapema, nachagua pembe isiyopitiwa na masinia, natandaza miguu ya stendi na kufunga kila mmoja kwa kamba kwenye tofali, kwa maana wanawake wakianza kucheza sakafu nzima hutikisika. Bibi harusi akiingia, kamera yangu haikusogea hata unywele. Nilijivunia hilo, na ninajivunia mpaka leo.

Vita vilipofika Kismayu sikuwa na mengi ya kubeba. Niliamua kuitia kamera katikati ya gunia la mchele ili wenye bunduki wakilipapasa wasikie mchele tu. Kibao kilikuwa kinachomoza ubavuni mwa gunia, kona yake ikionekana wazi. Nikakifungua kwa sarafu, nikakiweka dirishani mara moja ili nipange kamera vizuri. Risasi zikaanza kulia mtaa wa pili. Nikafunga gunia, nikaviringisha stendi ndani ya mkeka, nikatoka mbio mpaka kwenye mashua iliyokuwa ikipakia watu wa kwenda Chula. Tulikuwa tumeshapita mdomo wa bandari nilipokumbuka kibao kiko dirishani. Nilijitukana mwenyewe kwa sauti, mwanamke aliyekaa pembeni yangu akafikiri nimeacha mtoto.

Chula nilimkuta baba yuleyule, na mashua isiyokwisha juu ya magogo, maana mbao kutoka bara zilikuwa haziji tena. Nilimwambia habari ya kibao kwa kulalamika tu. Kamera ile alikuwa hajawahi kuigusa wala kuitaja. Siku ya tatu akaniambia nimletee kile kichwa cha stendi akione. Kisha akakaa nacho kivulini, akaingiza kidole ndani ya mfuo, akakitoa, akaingiza tena. Baba alikuwa mtu ambaye akiona shimo lisilo na kigingi halali vizuri.

"Hiki kichu kimeundwa na mchu mwenye akili," alisema kwa Kibajuni chake. "Lakini akili yake ya plastiki."

Alikata kibao kwa kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye ubao wa chombo. Alichonga mbavu zake kwa mshazari ziingie katika mfuo, akatoboa katikati kwa kekee. Tatizo lilikuwa skrubu. Skrubu ya kamera ina meno yake, si kila bolti inakubali. Baba alikuwa na debe la bolti alizozifungua kwenye mashine moja ya Kizungu iliyokufa zamani, ya mashua ya mtu wa Ngumi. Alizijaribu zote moja moja, kwa vidole, bila kulazimisha, na ya ishirini na kitu ikaingia kama iliyozaliwa humo. Ilikuwa ndefu mno, ingetoboa tumbo la kamera. Akaikata kwa msumeno wa chuma, na kati ya kamera na mbao akaweka kipande cha mpira wa ndala, kamera isijikwaruze.

Kwenye mfuo kibao kilikuwa kinacheza kidogo. Nilipomwambia, alinicheka.

"Nimekipa nafasi ya kunywa," alisema. "Mbao mwanangu hunywa. Chombo kikiwa juu ya nchi unaona mwanga kati ya mbao. Kikikaa majini siku mbili, mbao zikinywa, hupitishi hata wembe. Fundi anayekaza kila kichu akiwa nchi kavu, bahari humpasulia chombo chake."

Alikifunga kwa kitambaa kibichi mpaka asubuhi. Asubuhi kiliingia kwenye mfuo kwa kusukumwa na kiganja, na kikakaa hata komeo halikuwa na kazi. Pale kisiwani hewa yenyewe ni maji, chumvi hailali mezani bila kuyeyuka. Tangu siku ile kibao hakikulegea, na mimi nikaweka desturi ya kukipangusa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kila kazi.

Walipokuja wenye bunduki kwa maboti kutoka bara, wakachukua nyavu, mashine na nafaka, tukaondoka Chula kama walivyoondoka wengine. Tulishukia Ras Kamboni, tukavuka mpaka hadi Kiunga, na baada ya hapo kambi ya karibu na Mombasa, tukakaa miaka. Pale bado ulikuwa unasikia harufu ya bahari ikivuma upande wako. Kisha kambi ile ikafungwa, tukapakiwa kwenye malori tukapelekwa kambi ya bara, mbali, mahali ambapo mchanga ni mwekundu na nguo ukizianika zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Baba alikuwa amezeeka. Hakuwahi kuishi mahali asipoisikia bahari, na wiki ya kwanza aliniuliza mara mbili kwa nini pamenyamaza hivi.

Kaka naye alikuwa ameangukia Ulaya, katika nchi ya baridi, na karatasi zake hazikumruhusu kusafiri. Alikuwa akinipigia simu dukani kila Ijumaa. Swali lake lilikuwa lilelile: baba amesemaje? Alikuwa anataka kwenda Makka karatasi zikitoka, na aliapa hatakanyaga Makka bila radhi ya baba yake. Nami kila Ijumaa nilirudi na swali hilo kwa mzee, nikimpa chai, nikimkanda miguu. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Si kweli. Kaka yangu hakuwepo kwa miaka mingi, na lake ndilo lililokuwa likizungumzwa kila siku, na langu mimi niliyekuwepo sikumbuki kama liliwahi kutajwa. Nasema hivi bila kuficha: nilikuwa naona wivu.

Mzee alikuwa ameshalainika. Nilimjua. Lakini simu hakuitaka.

"Radhi haipiti kwenye waya," alisema. "Mchu akimtoa mwanawe kwenye radhi yake alimtoa kwa uso wake, atamrudisha kwa uso wake. Yule amwone babake akisema. Asipouona uso, ni maneno tu ya mchu yeyote."

Ndipo nikamwambia, baba, uso nitampelekea mimi. Kamera ipo. Alifikiri siku nyingi. Mwisho aliniambia ninyooshe kanzu yake.

Tulifanya asubuhi, nje ya kibanda, jua likiwa upande mzuri. Niliichaji betri kwenye jenereta ya dukani siku moja kabla. Nilimkalisha juu ya kiti chenye mgongo, nikamvalisha kofia, nikapima mwanga wa uso wake. Halafu nikachukua kibao nikifunge. Siku ile bomba la kambini lilikuwa halijatoa maji tangu juzi, na ndani ya kibanda palikuwa na jagi moja tu, nalo la udhu wa baba. Nilikitazama kitambaa kikavu, nikaona si lazima. Kibao nikakitelezesha, kikalia tak. Nikasukuma komeo. Nikainua mkono niitikise kamera, na wakati huohuo baba akaniita.

"Ndoo, mwanangu, uketi hapa."

"Lazima nikae nyuma ya kamera, baba."

"Mimi sisemi na kichu. Nasema na mchu. Keti hapa nikuone."

Nilibonyeza kitufe cha kurekodi nikaenda kuketi kwenye debe lililopinduliwa, kushoto kwa stendi, mbele ya baba. Jicho langu halikuwa kwenye kamera tena. Nayo sikuwa nimeitikisa.

Alianza na bismillahi. Akasema habari ya mashua ile, urefu wake, nani alivuta kamba na nani alipika. Akasema siku ile alikasirika kwa sababu watu walimwona yuko peke yake, na kwamba miaka mingi alidhani amekasirika kwa ajili ya mwanawe kumbe kwa ajili ya watu. Hilo sikuwahi kulisikia. Akasema mtoto kuondoka si dhambi, yeye mwenyewe baba yake alitoka Ngumi kuja Chula na hakuna aliyemnyima kitu. Kisha akasema: "Nimekusamehe yeo hii, na radhi yangu nimekupa, ya dunia na ya akhera, na kila nililolisema siku ile nimelirudisha." Nililia mpaka mtandio ukalowa. Upepo ulikuwa unavuma vumbi kama kawaida yake, na sikuufikiria.

Nilipoinuka kuzima kamera nikaiona imeinama, inatazama chini kama mtu anayetafuta sindano.

Nilirudisha kanda nyuma, nikaweka jicho kwenye kidirisha kidogo. Dakika mbili za mwanzo uso wake upo, mzuri, kofia imekaa sawa. Halafu picha inateremka. Hairuki, inateremka kila upepo unapopiga: kidevu, vifungo vya kanzu, mikono iliyowekwa juu ya mapaja. Kufika habari ya watu kumwona peke yake, ni magoti. Na alipofika kwenye neno lenyewe, neno ambalo kaka alilingoja nusu ya maisha yake, ndani ya picha kuna miguu miwili ndani ya ndala, kisigino kimepasuka, na siafu anapita kati yake. Sauti ilikuwa safi kabisa.

Ningeweza kunyamaza. Nilisimama pale nikafikiri kunyamaza kwa muda ambao sitasema ni mrefu kiasi gani. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na uso wangu hauwezi siri. Nikamwambia. Akataka kuona.

Nilimsogezea kamera, akaweka jicho kwenye kidirisha, akaitazama kanda yote, dakika zote kumi na saba. Nilidhani atauliza uso wake umekwenda wapi. Alipomaliza akanyoosha mkono.

"Nipe kibao."

Nikakifungua nikampa. Alikiweka kwenye mdomo wa chini, kama wanavyofanya mafundi wa kwetu kupima unyevu, maana mdomo husikia kuliko kidole. Akakirudisha kwenye mfuo akakichezesha kwa ukucha. Kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto.

"Kimekauka," alisema. "Nilikipa nafasi ya kunywa, na huku hakuna cha kunywa. Si kosa lako. Nimeunda chombo cha bahari nikakileta mahali pasipo bahari."

Nilimwambia kosa ni langu, sikukipangusa, sikutikisa. Nikamwambia haidhuru, nitapanga foleni nipate maji, nitakilowesha usiku, kesho asubuhi utasema tena. Alikataa. Akasema hasemi tena juu ya kibao kilichokwisha kumwangusha. Atachonga kingine kwanza, cha mbao ya hukuhuku, kikavu, kisicho na nafasi.

Hapo hasira ikanipanda, na nikamwambia neno ambalo ningelilipia chochote nisiwe nimelisema. Nilimwambia: "Ndiyo kawaida yako, baba. Chombo kwanza, mtoto baadaye."

Hakunijibu kwa ukali. Alikigeuza kibao mkononi, akasema, "Siku mbili tu, mama." Alikuwa akiniita mama anapotaka nimstahimilie.

Zikawa tatu. Alipata ubao wa sanduku la mafuta ya msaada, akauweka juu ya bati la paa, akaugeuza kila baada ya sala kama mtu anayeoka mkate. Hakuwa na patasi wala tezo. Alichonga kwa kisu cha kuazima na kumalizia kwa kipande cha chupa, akiacha kila mara kupima kwa mdomo. Mbao ikishakauka kiasi kile, aliniambia, haina tena mahali pa kwenda. Bolti ikawa ileile na mpira wa ndala uleule. Siku ya tatu alasiri tulifunga kamera juu ya stendi, na akanitaka niishike stendi kwa miguu niipindue, kamera ining'inie kichwa chini. Nilitandika mto na blanketi mbili chini yake, nikaipindua nikiwa nimefumba macho. Haikusogea. Nikaitikisa. Haikusogea. Nilimwona akifurahi, furaha ya kifundi, ya kukunja mdomo upande mmoja. Tukakubaliana kesho asubuhi.

Alipoamka kwa sala ya alfajiri nilimsikia akianguka. Upande wake wa kuume ulikuwa umekufa na ulimi haukufanya kazi. Muuguzi wa kambi alisema ni ugonjwa wa kupooza, akanionyesha jinsi ya kumgeuza asipate vidonda. Baba alikuwa anajua kila kitu. Macho yake yalikuwa yananifuata kibandani kote. Sauti iliyotoka ilikuwa moja tu, ya kuvuta, isiyo na neno ndani yake.

Siku ya nne ya ugonjwa nilimwinua kwa mito, nikamvalisha kofia, nikaweka stendi karibu na kitanda. Niliuliza kwa macho kama anataka, akafumba na kufumbua. Safari hii nilikaa nyuma ya kamera, jicho kwenye kidirisha. Uso wake ulijaa picha nzima, umekaa imara, hakuna kilichotikisika isipokuwa yeye. Alijaribu. Mdomo ulikwenda upande, ukarudi, ukajaribu tena. Machozi yalitoka jicho moja. Niliiacha kamera irekodi mpaka kanda ikaisha, kisha nikampangusa uso nikamlaza. Siku ya kumi na moja tulimzika katika mchanga mwekundu.

Kanda zote mbili nilizituma na mtu aliyepata safari ya Ulaya. Katika moja kuna maneno bila uso, katika nyingine kuna uso bila maneno. Sikuandika barua. Nilimwambia kaka kwa simu azitazame kwa mpangilio ule, ya kwanza kwanza, na nikamweleza habari ya kibao, kwa sababu sikutaka adhani mzee aligeuza uso kwa makusudi.

Alinipigia baada ya wiki tatu. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema amezitazama mara nyingi mpaka watoto wake wamezijua. Alisema maneno ameyasikia na uso ameuona na anamshukuru Mungu kwa vyote viwili. Kisha akaniuliza jambo moja.

"Dadangu, alipolitaja lile neno, alikuwa akitazama wapi? Kanda haionyeshi."

"Alikuwa akikutazama wewe," nilimjibu. "Aliniacha mimi akageukia kioo cha kamera, akalisema akikitazama."

Alilia pale simuni. Aliniambia sasa moyo wake umetulia. Karatasi zake zilitoka mwaka uliofuata, na akaenda Makka, na alirudi mtu mwingine. Anavyocheka siku hizi hata mimi namstaajabia.

Baba hakukitazama kioo hata mara moja. Hakuwa mtu wa kusema na kitu. Alinitazama mimi tangu bismillahi mpaka mwisho, na alipofika kwenye lile neno macho yake yalilegea, na paji la uso, ambalo tangu nipate akili sijaliona bila mikunjo, likawa laini kama la kijana. Mimi nilimpikia, nilimkanda, nilimbeba kutoka nchi moja hadi nyingine, mpaka asubuhi ile sikuwahi kumkosea kosa la kusamehewa, na kwa hivyo sikuwahi kutazamwa vile. Uso ule ulikuwa wa kaka yangu. Ninao mimi, na sina njia ya kumpelekea.